Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto wa Ziwa

KATIKA orodha za kampuni zinazouzia maabara kingamwili za kuchunguzia seli za binadamu, kuna jina moja la kwetu ambalo hujitokeza tena na tena. Kingamwili inayotambua protini iitwayo CD20, protini ambayo hukaa kwenye utando wa nje wa aina fulani ya seli nyeupe za damu, mara nyingi hujaribiwa kwanza juu ya seli zinazoitwa Daudi. Ikinata hapo, bidhaa ni halali. Isiponata, chupa nzima haina thamani.

Seli hizo zilitoka Kenya. Zilichukuliwa mwaka wa 1967 kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa akitibiwa Nairobi, zikaoteshwa katika maabara ya Sweden, na hazijakoma kugawanyika hadi leo. Ugonjwa uliozizaa ni saratani ambayo ulimwengu wote huiita kwa jina la daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland, akafanya kazi yake kubwa Uganda na kufia Uingereza mwaka wa 1993. Daktari huyo ni Denis Parsons Burkitt.

Kwa wakazi wa Homa Bay na Migori, limfoma ya Burkitt si jambo la vitabuni. Ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto wengi zaidi katika nyanda zinazozunguka Ziwa Victoria. Huanza kama uvimbe mdogo wa taya, meno yakalegea, na mzazi akadhani ni jino bovu. Wakati mwingine hujificha tumboni, kwenye figo au ovari. Uvimbe wenyewe waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu tu, na mtoto asipotibiwa hufariki katika muda wa miezi michache. Ndiyo maana maisha ya tabibu huyu yanastahili kusimuliwa upya katika eneo hili, pengine kuliko kwingineko.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya, na katika saa zake za mapumziko alikuwa na mazoea yaliyowashangaza majirani. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wa bustani yake, akachora kwenye ramani mahali kila mmoja alipotawala na mpaka alioulinda dhidi ya wenziwe. Wataalamu wa ndege wanamtambua mzee huyo kama mmoja wa waasisi wa mbinu hiyo. Mtoto alikua akiona ramani zikichorwa mezani, na ukiyafuatilia maisha yake yote utaona kwamba kila jambo kubwa alilolifanya lilianza kwa alama juu ya ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni shuleni, akapoteza jicho la kulia. Tangu hapo alivaa jicho la kioo. Ajali hiyo ingemfunga mtu mwingine nje ya upasuaji, kazi inayodai jicho lipime kina cha kidonda, lakini Burkitt hakukubali kufungwa. Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin mwaka wa 1929 kusomea uhandisi kama babake. Huko akaingia katika kikundi cha wanafunzi waliokutana kusali, na imani ikamgeuza njia. Aliacha uhandisi, akasoma udaktari, akafuzu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh.

Afrika ilikuwa imo katika ukoo wake. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri wa walowezi mjini Nairobi. Hata hivyo, Denis alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilimchukua kuwa daktari mwaka wa 1941, na baadaye likamleta Afrika Mashariki, akahudumu Kenya na Somalia. Mwaka wa 1943 alimwoa Olive Rogers, ambaye angezaa naye mabinti watatu na kuvumilia safari zake ndefu kwa muda wa nusu karne.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilisahau habari za jicho, na mwaka wa 1946 Burkitt akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, Uganda. Alijikuta akipasua mabusha kila wiki. Daktari mwingine angepasua na kwenda zake. Burkitt aliwauliza wagonjwa wametoka wapi, akagundua kwamba upande mmoja wa wilaya ulijaa maradhi hayo na upande wa pili ulikuwa na wagonjwa wachache mno. Akachora ramani, akachapisha makala. Hakuna aliyeshtuka, lakini mbinu ilikuwa imepatikana. Mwaka wa 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957 mwenzake, Dkt Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya zote mbili za mtoto huyo zilikuwa zimevimba, kulia na kushoto, juu na chini. Jambo hilo halikuwa na maelezo. Uvimbe wa saratani kwa kawaida huanza mahali pamoja, nao usaha wa mfupa haugawanyiki kwa ulinganifu wa namna ile. Burkitt alipiga picha, akaandika kumbukumbu, na mtoto akafariki. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona msichana mdogo mwenye uso ule ule uliofura. Alipompapasa tumbo alikuta uvimbe humo pia.

Hapo ndipo alipofungua mafaili ya Mulago. Aligundua kwamba watoto waliokuwa wameandikiwa saratani mbalimbali, huyu ya taya, yule ya figo, yule ya jicho, mara nyingi walikuwa na uvimbe katika sehemu zaidi ya moja, na kwamba kila daktari alikuwa ameandika ule aliouona kwanza. Ulikuwa ugonjwa mmoja uliovaa nyuso nyingi. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1958 katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, nayo ikapita kimya. Aliita uvimbe huo sakoma, na hapo jina lilikosewa. Ni mtaalamu wa patholojia kutoka Marekani, Gregory O'Conor, aliyekuwa Kampala wakati huo, aliyeonyesha kwa hadubini kwamba chanzo chake ni seli za limfu, yaani limfoma.

Burkitt hakuwa mtu wa maabara, na hakujifanya kuwa. Alichukua fedha kidogo za utafiti alizopewa, akachapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, na kuvituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza iwapo ugonjwa huo waujua. Kila jibu la ndiyo alilitia alama ukutani. Alama zikajipanga katika ukanda uliokatiza katikati ya bara, na mkia uliotelemka kando ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Swali lililobaki lilikuwa ukingo. Ukanda huo ulikomea wapi upande wa kusini, na kwa nini? Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford alilolinunua kwa pauni 250. Aliandamana na Dkt Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, ambaye alikuwa pia fundi hodari wa magari, pamoja na Dkt Cliff Nelson. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali moja baada ya nyingine, wakionyesha picha na kusikiliza. Bajeti nzima ya msafara huo isingetosha kununua mtambo mmoja wa maabara ya leo.

Walirudi na jibu ambalo halikutarajiwa. Ugonjwa haukufuata kabila wala mipaka ya nchi. Ulifuata mwinuko wa ardhi, joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana sana juu ya mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyoshuka mabondeni. Palipokuwa na baridi au ukame haukuwapo. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe aliitazama ramani hiyo akaona inafanana na ramani za magonjwa yaenezwayo na mbu.

Msomaji wa Nyanza hahitaji kwenda Afrika Kusini kuuona ukingo huo. Ziwa Victoria lina mwinuko wa mita 1,134 hivi, na miji ya Homa Bay, Mbita, Kendu Bay, Karungu na Muhuru iko pembeni mwake kabisa. Panda gari kutoka Homa Bay kupitia Rongo hadi Kisii, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na utakuwa umetoka ndani ya ukanda wa Burkitt kabla chai yako haijapoa vizuri. Madaktari waliochunguza suala hili nchini Kenya tangu mapema miaka ya sitini walikuta picha hiyo hiyo: watoto wa kando ya Ziwa na wa Pwani waliugua, wa nyanda za juu kwa nadra sana. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007, uliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa Kenya za miaka ya 1988 hadi 1997, ulionyesha kwamba katika maeneo yenye malaria kali ya mwaka mzima, ugonjwa huu ulitokea zaidi ya mara tatu ukilinganisha na maeneo yenye malaria kidogo au yasiyo nayo.

Lakini malaria peke yake haizai saratani, la sivyo vijiji vya Suba na Nyatike vingebaki bila watoto. Kitu cha pili kilipatikana London kwa bahati. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vikitumwa kutoka Kampala kwa ndege za usiku. Kwa miaka karibu mitatu Epstein hakuona chochote. Disemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kichupa kilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Epstein hakukitupa. Aliyatazama maji hayo, akaona seli za uvimbe zikielea zikiwa hai. Ndizo alizofaulu kuziotesha, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ilimwonyesha ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimewahi kuonekana. Leo vyajulikana kama virusi vya Epstein-Barr. Takriban watu wazima wote duniani wanavyo, na wengi hawapati madhara yoyote.

Wakati huo Nairobi ilikuwa na mtu wake. Peter Clifford, daktari wa upasuaji katika hospitali ya King George VI, ambayo mwaka wa 1964 ilipewa jina la Kenyatta, alikuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa huo kwa dawa za saratani. Burkitt naye alifanya vivyo hivyo Mulago. Hakuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kitu kwa uvimbe unaokua kasi namna ile. Akajaribu methotrexate, cyclophosphamide na vincristine, mara nyingi kwa dozi chache kwa vile wagonjwa hawakuweza kukaa hospitalini kwa muda mrefu. Baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa siku chache na haukurudi tena. Kwa miaka ile, kupona saratani kwa dawa tu lilikuwa jambo la kustaajabisha, na madaktari wa Marekani walikuja Kampala kujionea wenyewe.

Clifford alikuwa akituma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, kwa wanasayansi wawili waliokuwa mume na mke, George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska. Hapa ndipo hadithi ya daktari wa ramani inapokutana na ile ya kingamwili, na inafaa tusimame kidogo.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huunda ili kupambana na vijidudu. Kila moja ina ncha zinazoshika umbo moja tu, mithili ya ufunguo na kufuli yake. Mwaka wa 1966 kundi la akina Klein na Clifford lilichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa Kenya, likayachanganya na seli hai za uvimbe, kisha likaongeza kingamwili nyingine iliyotiwa rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, ukingo wa seli ulimeremeta kijani. Maana yake ilikuwa kwamba kulikuwa na kitu juu ya seli za uvimbe ambacho miili ya wagonjwa ilikitambua, na baadaye ikafahamika kwamba kitu hicho kilitokana na virusi vya Epstein.

Mwaka wa 1968 Eva Klein na wenzake walichapisha jambo jingine. Kwa kutumia kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya protini za binadamu, walionyesha kwamba seli za mgonjwa mmoja wa Nairobi zilibeba kwenye utando wake protini ya IgM ya aina moja tu. Hiyo ilikuwa alama ya aina ya seli nyeupe ziitwazo seli B, na pia dalili kwamba uvimbe wote ulizaliwa na seli moja iliyopotoka. Seli zilizooteshwa kutokana na uvimbe huo ndizo zilizoitwa Daudi.

Tangu hapo zimekuwa kama mizani ya dukani. Mwaka wa 1975 Georges Köhler na César Milstein waligundua, mjini Cambridge, namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu kwa kuunganisha seli za panya na seli za saratani zisizokufa. Mwaka wa 1980 watafiti wa Boston walitangaza kingamwili waliyoiita B1, inayoshika protini ambayo baadaye ilipewa namba CD20. Protini hiyo ni mkufu wa asidi za amino 297 unaopenya utando wa seli mara nne, na huwa juu ya karibu seli B zote zilizokomaa kiasi, bali haimo katika seli mama za uboho. Daudi wanayo tele. Isitoshe, wana upungufu mmoja wa ajabu: hawana protini ndogo iitwayo beta-2 mikroglobulini, hivyo kundi zima la alama ambazo seli nyingine za mwili huonyesha juu yao halionekani kwao. Kwa mtafiti, seli yenye alama moja kwa wingi na isiyo na nyingine kabisa ni hazina. Mwenye seli hizo anaweza kupima kama kingamwili yake inashika inachopaswa kushika, na kuacha inachopaswa kuacha.

Kuna jambo dogo ambalo wanaoagiza kingamwili hizi hujifunza kwa hasara. Si kila kingamwili ya CD20 hufanya kazi kila mahali. Zile zinazoshika sehemu ya nje hutumika kwa seli hai zinazopita katika mtambo wa miale. Ile ambayo wataalamu wa patholojia huitumia kwa nyama iliyokaushwa na kukatwa vipande vyembamba, iitwayo L26, hushika mkia ulio ndani ya seli. Ukiinunua kwa seli hai nzima, haitaona kitu.

Burkitt mwenyewe alikuwa ameondoka Uganda kufikia wakati huo. Alirudi Uingereza mwaka wa 1966, akaajiriwa na baraza la utafiti wa tiba, na akageukia jambo ambalo liliwachekesha wengi. Aliwatumia madaktari wa misheni barua akiuliza ni mara ngapi wanaona kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana. Alipima uzito wa choo cha Waafrika na cha Waingereza. Alama zikarudi ukutani. Alihitimisha kwamba nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga zenye nyuzinyuzi huwakinga watu na maradhi mengi ya mataifa tajiri, na kitabu chake cha mwaka wa 1979 kuhusu jambo hilo kilisomwa na watu wengi mno. Baadhi ya hoja zake zimepunguzwa makali na tafiti za baadaye, nyingine zimesimama. Huko Ulaya wapo wanaomkumbuka kwa pumba za ngano kuliko kwa watoto wa Mulago. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kumbukumbu hiyo imepinda.

Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka uo huo akawa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa tiba ya saratani kwa dawa. Alipokuwa akizunguka na mihadhara yake ya nyuzinyuzi, kazi ya kuthibitisha wazo lake la malaria ilikuwa ikiendelea ng'ambo ya mpaka wa Migori. Kaskazini mwa Mara, Tanzania, katika eneo linalohudumiwa na hospitali ya misheni ya Shirati, watoto waligawiwa klorokwini kuanzia mwaka wa 1977 hadi 1982 ili ijulikane kama kupunguza malaria kungepunguza uvimbe. Wagonjwa walipungua. Lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla vidonge havijagawiwa, na vimelea navyo vikaanza kuizoea dawa, hivyo watafiti hawakuweza kuapa kwamba klorokwini ndiyo iliyofanya kazi.

Burkitt alifariki mjini Gloucester tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Hospitali ambazo ramani yake iliziunganisha ziliitwa tena kazini. Kati ya mwaka wa 2010 na 2016 utafiti mkubwa kuhusu limfoma ya Burkitt uliendeshwa katika nchi tatu za Afrika Mashariki, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Kuluva, nyumbani kwa Ted Williams, Shirati, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na hospitali ya Homa Bay. Ulithibitisha tena uhusiano na malaria. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya kwanza ya malaria katika kaunti ya Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti zilizoipokea mwanzo. Chanjo hiyo haikubuniwa kwa ajili ya limfoma, lakini ramani ya mwaka wa 1961 inatoa sababu ya kuwatazama kwa makini watoto hao wanapokua.

Kikwazo kikubwa kinabaki kwenye meza ya uchunguzi. Mtoto akifika na taya lililovimba, mhudumu anaweza kufyonza seli chache kwa sindano, kuzipaka rangi ya kawaida na kuzitazama. Kwa taya, jicho la mzoefu mara nyingi halidanganyiki. Kwa tumbo, mambo ni magumu. Saratani kadhaa za utotoni, ya figo, ya misuli na ya neva, huonekana kama seli ndogo za mviringo zilizojaa buluu, na kila moja ina dawa zake. Leukemia ya watoto nayo yaweza kufanana nazo. Kinachozitenganisha bila shaka ni kingamwili chache: ya CD20 na ya CD10 zinate, ya TdT isinate, na ile inayoonyesha seli zinazogawanyika iitwayo Ki-67 ipake karibu kila seli. Kingamwili hizo huhitaji jokofu lisilozimika, umeme, sampuli iliyohifadhiwa ipasavyo, na mtaalamu wa patholojia. Hospitali nyingi za kaunti hazina vyote hivyo pamoja, na kupeleka sampuli Kisumu, Eldoret au Nairobi kunakula siku ambazo uvimbe huu haumpi mtoto.

CD20 yenyewe imekuwa shabaha ya tiba. Kingamwili iitwayo rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1997, hushika protini hiyo juu ya seli za uvimbe na kuuita mwili uziue. Mwaka wa 2020 matokeo ya jaribio la kimataifa lililowahusisha watoto 328 wenye limfoma kali za seli B, wengi wao wakiwa na ya Burkitt, yalichapishwa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 93.9 ya waliopewa rituximab pamoja na dawa za kawaida walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala pigo jingine kubwa, ikilinganishwa na asilimia 82.3 ya waliopewa dawa za kawaida pekee. Karibu watoto wote hao walitibiwa katika nchi tajiri.

Katika Afrika Mashariki, ripoti nyingi huonyesha kwamba nusu hivi ya watoto wenye ugonjwa huu hupona, na mahali pengine ni chini ya hapo. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, baadhi huacha matibabu katikati kwa kukosa nauli, na wengine hudhoofishwa na dawa zenyewe pale ambapo hakuna damu ya kuwaongeza wala antibayotiki za kutosha. Mtoto wa Ndhiwa au Macalder anayeanzishiwa tiba, kwa kawaida huanzishiwa cyclophosphamide, vincristine na methotrexate, zile zile alizozitumia Burkitt katika wodi za Mulago.